Biti Mbili za Mwanzo

Jumanne, tarehe 14 Aprili 2071. Manyunyu yalianza alfajiri, na wingu zito lilikuwa limeifunika Milima ya Uluguru mpaka usawa wa mapaa ya Bigwa. Ilikuwa asubuhi ya kuvaa sweta mbili, na Tumsifu Mshana alikuwa amezivaa zote mbili kabla hajapiga magoti.

Aliomba kwa sauti, kama alivyozoea, kwenye mkeka kando ya kitanda cha mdogo wake.

"Bwana, leo usinipe maneno mazuri. Nipe maneno ya kweli, hata kama yatanitoka vibaya."

"Amina," alisema Nanzia kutoka ndani ya blanketi. "Na umwongezee sauti, Bwana, maana akisimama mbele za watu anaongea kama mgeni anayeomba chumvi."

"Nilidhani umelala."

"Nitalalaje na wewe unamwamsha Mungu saa kumi na moja?"

Tumsifu alicheka, akamsaidia kukaa. Nanzia alizaliwa na selimundu, na juma lile mifupa ilikuwa imemsumbua. Shingoni, kwenye kamba ya kiatu, alivaa kengele yake: kidude cha plastiki ya kijivu chenye kitufe kimoja. Akikibonyeza, taa ya kijani huwaka na ujumbe mmoja tu hutoka: njooni. Mwezi wa pili alikibonyeza, na gari la angani la hospitali likatua uwanjani kabla ugali haujapoa mezani.

Watu wengi hawakuhitaji kengele tena. Walikuwa na punje, kipimo kidogo kama mbegu ya mtama kilichopandwa chini ya ngozi ya mkono, kinachosoma damu na mapigo ya moyo na kuita msaada chenyewe. Nanzia naye alipandikizwa, mara mbili. Mara zote mbili mkono ulivimba ukatunga usaha, mpaka daktari akasema mwili wake haukipokei na wasimtese tena.

"Kwa hiyo leo mnaguna," alisema Nanzia.

"Tunavuma. Hatuguni."

"Wahandisi wazima, macho mmefumba, mmmm. Mimi naona kama watu wanaosubiri choo." Kisha uso wake ukabadilika. "Na ile rasimu ya Ambakisye ikipita, dada?"

"Ikipita, hiyo kengele yako itakuwa kifungo cha shati."

"Basi isipite."

Alisema hivyo kama mtu anayesema funga mlango, mvua inaingia.

"Mimi ni mwenyekiti, Nanzia. Mwenyekiti hapingi wala haungi mkono. Anasikiliza, basi."

"Haya. Kasikilize vizuri."

*

Kikundi Kazi cha Vichwa, cha wahandisi wanaotunga kanuni za mtandao, kilikutana katika jengo lililokuwa zamani bohari la katani. Harufu ya nyuzi ilikuwa haijaisha kwenye kuta, na siku za mvua ilizidi. Tumsifu aliipenda. Kanuni hizo, itifaki, alikuwa amezisoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, baada ya kazi, na darasa lake la kwanza nalo lilinuka hivyo hivyo.

Mwalimu wake wa jioni aliwafundisha kwa mfano wa treni ya mizigo, naye hakuusahau. Kila ujumbe unaosafiri mtandaoni hukatwa vifurushi, na kila kifurushi ni treni. Injini ndiyo kichwa chake: imeandikwa kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Nyuma ya injini unaweza kufunga mabehewa, na hayo ndiyo vichwa vya nyongeza. Kila behewa limeandikwa ni behewa gani linalofuata, mpaka unaufikia mzigo wenyewe. Vituo vya njiani haviyafungui mabehewa. Vinasoma injini, vinaipitisha treni. Isipokuwa behewa moja, lile lililo mgongoni mwa injini. Hilo kila kituo lazima kilifungue.

Ni ndani ya behewa hilo ndimo rasimu ya Ambakisye Mwaipopo ilitaka kuweka hali ya mwili wa mtumaji, kama ilivyosomwa na punje, ili kila kituo kijue nani anakufa na kimpishe njia.

Na mlangoni mwa behewa kuna biti mbili. Kila moja ni sifuri au moja. Zinakiambia kituo jambo moja tu: ukifungua usielewe unachokiona, ufanye nini? Sifuri na sifuri: ruka, ipitishe treni. Moja na sifuri: tupa treni nzima, lakini mwambie mtumaji. Sifuri na moja: tupa, na usimwambie mtu.

Rasimu iliomba sifuri na moja.

Kengele ya Nanzia haikugusa damu ya mtu. Behewa lake lingefika tupu, na kituo kingesema sielewi.

Ambakisye alikuwa kwenye birika la chai, mrefu, kofia ya sufu kichwani, chai yake rangi bila sukari.

"Shikamoo, kaka Ambakisye."

"Marahaba, mwenyekiti. Nanzia hajambo?"

"Hajambo. Amenituma nikusalimie, na amesema rasimu yako ni ya kikatili."

"Mwambie salamu nimezipokea zote mbili."

Walisimama wakitazama mvua. Kila mtu katika kikundi alijua habari ya Sekela, binti yake, aliyechukuliwa na mafuriko ya Kilombero. Yeye mwenyewe alikuwa haitaji. Asubuhi ile aliitaja.

"Sekela alikuwa na punje. Punje iliita, dada. Iliita mpaka maji yakaizima. Unajua ilikuwa nyuma ya nini kwenye foleni? Kengele. Za watoto wanaochezea, za mashine zinazojibonyeza zenyewe, za watu walioogopa radi. Vituo havikuzielewa, na biti zilisema ruka, basi vikazipitisha zote mbele ya mwanangu."

"Najua, kaka."

"Basi niambie nifanye nini. Tukiruka, wanakufa akina Sekela. Tukitupa..."

"Anakufa Nanzia."

"Anaweza kufa."

"Bila kuambiwa! Hilo ndilo linalonichoma. Atabonyeza, taa ya kijani itawaka, atalala chali asubiri. Na nyinyi mtakuwa mmeshamtupa."

Ambakisye alizungusha kikombe mkononi. "Nilifikiria kurudisha jibu. Lakini siku ya mafuriko, majibu ya vilivyotupwa yatakuwa mengi kuliko maombi yenyewe. Yatajaza njia. Tutakuwa tumerudi pale pale."

Ilikuwa kweli, naye Tumsifu alijua ni kweli. Kengele ya kikao ikalia.

*

Katika kikundi kile hawapigi kura. Waasisi walikataa kuhesabu mikono, kwa sababu mikono huonekana, na anayeonekana hutishwa. Badala yake huvuma. Mwenyekiti husoma swali, watu huinamisha vichwa, hufunga midomo na macho, na wanaokubali huvuma. Kisha wasiokubali nao huvuma. Hairuhusiwi kurekodi. Sikio la mwenyekiti ndilo mzani, na kwa sababu hiyo humchagua mtu wanayemwamini.

Siku ile viti vya nyuma vilijaa vijana wenye mashati meupe yanayofanana. Walikuja na Bwana Fulgensi Kavishe, msemaji wa Salamisha, kampuni inayotengeneza punje.

"Hawa wote wamejifunza itifaki lini?" alinong'ona mzee Hizza Shekalaghe, makamu wa mwenyekiti, aliyekaa kushoto kwake. "Juzi, ndani ya basi?"

"Kanuni inasema anayeingia mlangoni anaruhusiwa kuvuma, mzee."

"Kanuni ilitungwa na watu wasiomjua Fulgensi."

Tumsifu alisimama, akasoma. "Swali ni la biti mbili za mwanzo katika kichwa cha hali ya mwili. Wanaokubali ziwe sifuri na moja, wavume."

Vichwa viliinama.

Mvumo wa wahandisi ni kitu kibaya kusikiliza. Mmoja huwahi, mwingine hukohoa, wa tatu hutetemeka kama jokofu bovu. Huu haukuwa hivyo. Ulianza pamoja, kwenye pumzi moja, laini. Besi ziliingia chini kama zulia. Sauti za tenori zikapanda juu yake. Kisha sauti za kike zikafunguka, ya pili na ya kwanza, na mabati ya bohari yakaanza kulia yenyewe. Haukukatika. Wengine walipovuta pumzi, wengine waliubeba.

Tumsifu alikuwa ameimba sauti ya pili usharikani tangu ujana wake. Nywele zilimsimama.

"Wamekodi kwaya," alinong'ona Hizza. "Mama yangu mzazi, wamekodi kwaya. Na ni nzuri!"

Mvumo ukazima ghafla, wote kwa pamoja, kana kwamba mwalimu wa kwaya amekunja ngumi. Na katika ukimya uliofuata, besi mmoja wa safu ya mwisho, kwa mazoea tu, kifua chake kizima, alisema:

"Amina."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kijana yule alijifunika uso. Fulgensi hakucheka. Ambakisye naye hakucheka. Aligeuka akatazama mashati meupe, kisha akamtazama Fulgensi, na Tumsifu aliona wazi kwamba hakuwa ameambiwa.

"Tuendelee. Wasiokubali, wavume."

Sauti zilitoka upande wa madirishani, chache, zisizopatana. Mtu alikohoa katikati. Ulikuwa mvumo wa kweli, na ulikuwa mdogo.

Hizza alimsogelea mpaka ndevu zikamgusa sikio. "Tangaza huu wa pili."

"Mzee."

"Mvumo haurekodiwi. Sikio lako ndilo mzani, nani atakupinga? Watasema nini, kwamba kwaya yao ilikuwa kubwa zaidi? Walete risiti? Sema neno moja, mwanangu, umwokoe mdogo wako."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Sentensi moja. Tumsifu aliikunja karatasi ya swali. Bwana, hapa ndipo, aliomba moyoni, macho wazi. Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Hakusikia sauti. Aliwaona tu vijana wale, midomo imefungwa, wanangoja. Walikuwa wamelipwa, lakini walivuma, naye aliwasikia. Je, awapokee mlangoni, kisha awatupe na asiwaambie? Alikuja pale asubuhi ile akichukia jambo hilo moja kuliko yote, na sasa alikuwa ameombwa alifanye kwa mdomo wake mwenyewe. Na baada yake atakuja mwenyekiti mwingine, mwenye sikio linalosikia anachotaka, naye atasema Tumsifu Mshana ndiye aliyeanza.

"Mvumo wa kwanza ulikuwa mkubwa," alisema kwenye kipaza sauti. "Nimeusikia. Nimesikia pia kwamba ulikuwa wa sauti nne."

Watu walicheka tena. Fulgensi alinyanyua mkono. "Basi, mwenyekiti, gonga meza. Imepita."

"Haijapita. Bwana Fulgensi, hapa hatuhesabu. Mvumo unatuonyesha upepo unaelekea wapi. Hautuambii kama kuna jambo ambalo halijajibiwa. Hata pingamizi la mtu mmoja, kama lina hoja na hoja haijajibiwa, linasimamisha rasimu. Nauliza: kuna mwenye pingamizi?"

Mvua ilisikika juu ya mabati. Walio madirishani walitazama viatu vyao. Wengi walifanya kazi Salamisha, na wengine walikuwa na barua za maombi huko. Kuvuma gizani mwa macho yaliyofumbwa ni jambo moja. Kusimama na jina lako ni jingine.

"Hakuna," alisema Fulgensi kwa upole. "Gonga meza, mama."

Kwenye beji ya mwenyekiti kuna kitufe cha buluu. Akikivua kikaoni, ameacha uenyekiti, na hakirudi kwake tena. Tumsifu alikivua. Pini ilimchoma kidole, hakujali. Alikiweka mbele ya Hizza.

"Usifanye hivyo, mwanangu," alisema mzee.

"Umeniambia niseme neno moja. Nakwenda kulisema."

*

Kutoka meza ya mbele mpaka kipaza sauti cha wajumbe hapakuwa mbali, lakini viatu vyake vyenye maji vililia njia nzima, na hakuna aliyejifanya hasikii.

"Naitwa Tumsifu Mshana. Si mwenyekiti. Nina pingamizi."

"Mzee Hizza, hii ni michezo!" Fulgensi alisimama. "Mtu hawezi kuwa refa halafu avue filimbi aingie uwanjani kucheza."

"Anaweza," alisema Hizza, akikibandika kitufe kifuani kwa vidole vizito. "Ila hawezi kurudi kuwa refa. Kaa chini, Bwana Fulgensi. Endelea, mama."

"Rasimu inasema kituo kisipoelewa, kitupe na kinyamaze. Mimi nasema hakuna kituo chenye haki ya kunyamaza. Kuna watu ambao mwili wao haupokei punje. Ninaye mmoja nyumbani. Akiita, behewa lake litafika tupu. Kituo hakitamwelewa. Sawa, si lazima umwelewe mtu ndipo umpishe. Lakini kumtupa, halafu kumwachia taa ya kijani inayowaka, huo ni uongo. Na tutakuwa tumeuandika kwenye kiwango cha mtandao, uwe sheria kwa dunia nzima."

"Ni wachache," alisema Fulgensi. "Kwa masikitiko, mama, ni wachache sana."

"Wangapi wanatosha?"

"Sijasema..."

"Taja idadi. Nitamwambia Nanzia jioni awatafute wenzake waongezeke."

Sauti ya kicheko ilitoka safu za mashati meupe, ikakatwa haraka.

Ambakisye aliinuka taratibu. "Dada, nitakuuliza mbele za watu kama nilivyokuuliza faragha. Tukiruka, njia inajaa uchafu, na mtoto wa mtu anakufa nyuma yake. Tukirudisha majibu, njia inajaa majibu. Una dawa?"

Hapo ndipo alipotamani maneno mazuri. Hakuwa nayo.

"Leo sina, kaka. Nisingependa kukudanganya juu ya Sekela. Labda kituo cha kwanza tu ndicho kijibu, na vingine visijibu. Labda kengele zipewe behewa lao. Sijui. Itachukua kazi, na kazi hiyo tunaifahamu. Lakini wewe nawe nijibu. Nanzia akibonyeza kwa rasimu yako, nani atamwambia kwamba hakuna anayekuja?"

Ambakisye alivua kofia. Alisimama kichwa wazi, kama mtu aliye kando ya kaburi.

"Hakuna," alisema. "Hakuna wa kumwambia. Niliandika nikiwa namtazama mwanangu tu." Akamgeukia Hizza. "Rasimu ni yangu. Nasema pingamizi lina hoja, na sina jibu. Na kama nilihitaji kununuliwa kwaya, basi ilikuwa haijaiva."

Hizza aligonga meza kwa ngumi, maana nyundo ilikuwa upande wa Tumsifu. "Pingamizi lipo. Halijajibiwa. Rasimu inarudi kwa mwandishi."

Madirishani mtu alipiga makofi, akanyamaza.

Fulgensi alikuwa bado amesimama. Hakupandisha sauti. "Vizuri. Lakini nisome kanuni hadi mwisho wake, mzee. Pingamizi huishi likiwa na mwenyewe. Kikao kisichomwona mpingaji, pingamizi limekufa. Kikao kijacho ni Windhoek. Kinachofuata ni Antananarivo. Mama si mwenyekiti tena, nauli hana. Ana mgonjwa ndani." Alimwinamia Tumsifu kwa adabu. "Mama, mimi ni mvumilivu. Siku moja tu utakosa."

Tumsifu aliona kwamba alikuwa amesema kweli. Nauli hakuwa nayo. Mgonjwa alikuwa naye. Windhoek hakujua hata iko upande gani wa ramani, angeuliza. Lakini hofu aliyoamka nayo alfajiri aliitafuta, hakuikuta.

"Mzee Hizza," alisema, "nataka kuweka ahadi. Naomba mashahidi."

"Ahadi inataka watu wanaosimama," alisema Hizza. "Si wa kuvuma. Nani shahidi?"

Ambakisye hakuwa amekaa, alibaki wima. Madirishani kiti kilisukumwa, kisha kingine. Na kule nyuma kabisa, kati ya mashati meupe, kijana yule wa besi alisimama, jirani yake akamvuta shati, naye akaubandua mkono wa jirani yake.

Tumsifu aliweka mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye mti wa kipaza sauti.

"Mbele za Mungu aliyenipa mdomo, na mbele yenu mliosimama: nitakuja. Windhoek nitakuja. Antananarivo nitakuja. Nikikosa kiti nitasimama, na mdogo wangu akiweza kusafiri nitakuja naye, mumwambie wenyewe usoni kwamba ni wachache. Nitasema maneno haya haya kila kikao, mpaka mtu awe na jibu. Na siku mtakapokuta kipaza sauti hiki hakina mtu, msiandike kwamba Tumsifu alinyamaza. Mimi sitanyamaza. Ulizeni ni nani aliyenitupa."